Mbwa Hatoki Kwenye Picha

Wajukuu wangu wakimpiga mbwa picha kwa simu jioni, macho yake hutoka yamewaka kama taa za gari, nao hucheka mpaka wanaangukiana kwenye viti. Mimi huondoka. Naenda nje kumwangalia ng'ombe ambaye hana shida yoyote. Wameuliza mara nyingi kwa nini babu hapendi picha ya mbwa, na mama yao huwanyamazisha. Sasa nitasema, na nitasema kwa kuandika, kwa sababu kwa mdomo nitaanza kugomba kabla sijafika katikati.

Nilikuwa mpiga picha Ekalakala. Sisemi mpiga picha wa simu. Nilikuwa na chumba changu, pazia la bluu nililolichora mawingu mwenyewe, kiti cha kuzunguka, kioo, na kitana cha wateja kilichofungwa kwa kamba kisiibwe. Shule niliachia darasa la tatu kwa sababu baba alikuwa na mbuzi na hakuwa na mtu mwingine wa kuwachunga. Kamera ya kwanza niliipata kwa kuchimba matuta kwenye mashamba ya watu, yale ya kuzuia maji yasibebe udongo, na anayeyajua mawe ya Ukambani anajua kwamba hiyo kamera niliilipia kwa mgongo. Hakuna aliyenifundisha kuitumia. Filamu za kwanza niliziunguza zote, nikaendelea. Ilipofika miaka ya tisini hakukuwa na harusi wala maziko kuanzia Ekalakala mpaka Kivaa ambako sikusimama mbele ya watu nikiwaambia wanyooshe shingo. Hata chifu nilimwambia anyooshe shingo, akanyoosha.

Naeleza haya ili ijulikane kwamba nikisema neno kuhusu picha, nastahili kusikilizwa. Kivaa hawakunisikiliza. Hasira ya jambo hilo sijaimaliza mpaka leo.

Dada yangu mdogo aliolewa Kivaa. Mume wake alikufa mapema, akamwachia nyumba ya mawe, mbuzi, shamba zuri lenye udongo mweusi upande wa chini, na kijana mmoja ambaye baadaye alipata kazi Mombasa. Alipobaki peke yake alichukua mbwa. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, aliyelelewa kwa uji tangu akiwa hajafungua macho vizuri. Na dada alifanya jambo ambalo kwetu halifanywi. Alimruhusu mbwa aingie ndani ya nyumba. Kwetu mbwa ni wa nje. Analala nje, anakula nje, akikanyaga kizingiti anarushiwa chochote kilicho karibu. Mbwa wa dada alilala ndani, mlangoni, pua kwenye ufa wa chini ya mlango. Majirani waliliona hilo kabla ya picha yoyote, wakaliweka akiba.

Karibu na Krismasi moja kijana wake alimtumia viti, vile vya mito, na dada akavifumia vitambaa vyeupe vya kufunika mgongo na mikono. Akaniita nimpige picha ya kumtumia mwanawe aone jinsi viti vilivyokaa. Nikamwambia atoke nje kwenye mwanga, nilivyozoea kuwaambia watu wote wa mashambani. Akakataa. Akasema viti viko ndani, vitambaa viko ndani, na yeye atakuwa ndani, na ikiwa mimi ni mpiga picha nitajua la kufanya. Basi nikafunga flashi juu ya kamera. Mbwa akaja akaketi karibu na magoti yake. Nikachezesha funguo mfukoni, akainua uso kuniangalia, nikabonyeza.

Filamu zetu zilikuwa zikienda kusafishwa Machakos mjini kwa basi, na zinarudi kwa basi ndani ya bahasha. Picha ilirudi nzuri. Viti vimetoka, vitambaa vimetoka, dada ametoka kama bibi mwenye nyumba. Na mbwa ametoka na macho ya kijani yanayowaka, mawili, kama mtu amemwashia taa ndani ya kichwa.

Sikushtuka. Nilikuwa nimeona ya mbwa na ya paka. Hata watu, flashi ikiwapiga usoni ndani ya nyumba yenye giza, macho yao yanaweza kutoka mekundu. Wa namna hiyo nilikuwa nawatia nukta ya wino mweusi kwa kalamu nyembamba, nukta ndogo katikati ya jicho, na mteja anaenda nyumbani akiwa na macho ya binadamu. Hiyo ilikuwa sehemu ya kazi. Mbwa sikumtia nukta. Sikuona haja, na leo hii bado siioni. Mbwa hakuwa ameagiza picha.

Dada alipata nakala mbili. Moja akaituma Mombasa, nyingine akaiegemeza kwenye redio ili wageni waione. Mke wa shemeji yake alikuja kuomba chumvi, akaiona, akaiazima akamwonyeshe mume wake viti. Picha haikurudi.

Shemeji huyu ni mdogo wa marehemu. Sina neno zuri juu yake kwa hiyo nitasema tu alivyokuwa. Alikuwa mzee wa kanisa, sauti nene, tai siku zote. Alikuwa na kisiagi, nyumba ya mabati yenye mashine ya kusaga mahindi, na Kivaa yote ilikula unga uliotoka mle. Na tangu kaka yake azikwe alikuwa hajaacha kuutazama ule udongo mweusi wa upande wa chini. Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema.

Mwaka huo mbuzi wa Kivaa walikuwa wakikonda na kufa. Wa dada yangu hawakufa, kwa sababu alikuwa amekwenda sokoni akamuuliza Msomali mmoja mfanyabiashara wa mifugo, ambaye naye akamwambia ni minyoo, akamwonyesha dawa ya kuwanywesha. Aliwaambia majirani habari za hiyo dawa. Wakaitikia, hawakununua. Sasa shemeji akapata picha mkononi. Akaizungusha nyumba kwa nyumba. Mbuzi wa ukoo mzima wanakufa, alisema, wa huyu mama hawafi, na tazameni ni kitu gani kinawalinda, kitu kinacholala naye ndani ya nyumba. Macho haya ni ya mbwa? Wewe umeona wapi mbwa mwenye macho haya?

Wakaitisha kikao cha ukoo. Neno lililotoka ni kwamba dada yangu ale kiapo cha kithitu kwamba hafugi uchawi, au arudi kwao. Kwao ni kwangu. Asiyejua kithitu ajue hivi tu, kwamba ni kiapo ambacho wazee wetu waliamini kinamuua anayeapa uongo pamoja na watu wa nyumba yake, na hata wanaosema hawaamini hawapendi kukaa karibu nacho. Na aliyekiitisha ni mzee wa kanisa. Jumapili anakusanya sadaka, Jumatatu anaitisha kithitu, kwa mwanamke Mkatoliki ambaye anajua kabisa hatakubali kukigusa. Asipoapa ataondoka. Akiondoka, shamba linabaki.

Mimi niliposikia nilivua koti nikaenda kutafuta panga. Mke wangu alifunga mlango wa studio akasimama mbele yake.

Na hapa lazima nieleze kitu kingine cha kwetu. Mimi kule Kivaa ni muthoni, mkwe. Kati ya wakwe kuna heshima ambayo haichezewi. Muthoni hapazi sauti kwenye boma alikoolewa dada yake, hatukani, hasimami kwenye kikao cha ukoo usio wake akatoa maneno. Nikifanya hivyo, aibu haianguki kwangu, inaanguka kwa dada. Watasema, si mnaona alikotoka. Mimi ambaye sikuwahi kunyamaza mbele ya mtu yeyote, mahali nilipokuwa na maneno mengi kuliko siku nyingine ya maisha yangu, ndipo nilipokatazwa kusema.

Lakini mpiga picha anaingia popote. Nilitundika kamera shingoni nikaenda kwenye kikao, nikakaa pembeni na watu wanaosubiri chai. Aliyekuwa mkubwa wa ukoo alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya manyoya, mtu wa kufikiri polepole. Aliponiona akaniita. Alikuwa ameshika picha ya dada kwa ncha za vidole.

"Muthoni, hii ulitoa wewe," alisema. "Kamera yako inadanganya?"

Mlangoni kwangu Ekalakala nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba hapa hutoka picha za kweli. Nikisema inadanganya, nimejifungia kazi. Nikisema haidanganyi, nimemfunga dada. Nikajibu kwa sauti ya chini, kama heshima inavyotaka, kwamba kamera haidanganyi, na kwamba mbwa yeyote wa hapo angetoka vilevile. Nikaomba waniletee wao.

Walicheka. Shemeji alicheka kuliko wote. Lakini mkubwa wa ukoo hakucheka, akasema ni sawa, mbwa waletwe, ila wapigwe pale pale nje, kwenye jua, saa ya mchana, kila mtu akiona, kwa sababu jambo linalosemwa ni la giza na hataki liongezewe giza. Nilikubali. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka shingoni na sikuwa na nafasi ya kufikiria jua. Wakaletwa mbwa wakivutwa kwa kamba za mbuzi, mmoja akamuuma mwenye kumvuta, na shemeji akaleta wake, mbwa mkubwa mweusi mwenye kifua cheupe. Niliwapiga wote, kwa flashi ile ile, nikichezesha funguo ili waniangalie.

Nilipomaliza, shemeji alinishika bega. Akaniambia siku moja nije nimpige yeye na mashine yake, picha kubwa ya kutundika ukutani. Mtu anamfukuza dada yangu kwake, na katikati ya kumfukuza anaagiza picha. Nikasema, ndiyo, muthoni.

Bahasha iliporudi kutoka mjini niliifungua nikiwa nimesimama barabarani. Mbwa wote wametoka na macho meusi. Macho ya kawaida kabisa, ya upole, kama ya watoto wa shule. Nilizipeleka picha kwa mkubwa wa ukoo kwa sababu niliahidi, na ahadi yangu sijawahi kuivunja. Aliziangalia moja moja akanirudishia bila neno. Shemeji naye alikuwa na maneno ya kuwatosha wote. Wakapanga kwamba kiapo kitakuwa baada ya kuvuna mbaazi.

Dada alikuja Ekalakala kuniona. Aliketi kwenye kile kiti cha kuzunguka, mkoba magotini. Hakuwa analia. Alikuwa na hasira kunishinda mimi, ila yake ilikuwa baridi.

"Sitaapa," alisema. "Nikiapa nimekubali kwamba kuna kitu."

Nikamwambia arudi nyumbani, shamba la baba bado lipo, nitamjengea.

"Nyumbani ni pale nilipomzika mume wangu. Na wewe, mwanaasa, usije kule kupiga kelele. Nikifukuzwa, nifukuzwe na uongo wao, nisifukuzwe na mdomo wako."

Mwanaasa ni mtoto wa baba yangu. Akikuita hivyo huwezi kumjibu ovyo. Tukakaa tukizitazama zile picha za mbwa wa Kivaa nilizozipanga mezani, na nikasema kwamba sielewi, kamera ni ile, flashi ni ile, mbwa ni mbwa.

Dada akacheka kidogo kwa pua. "Wa kwangu amesoma. Kivaa nzima ni yeye tu anayejua ndani ya nyumba kukoje."

Alisema mzaha. Mimi nilisimama. Kweli, ni yeye tu. Kivaa nzima hakuna mbwa mwingine aliyewahi kupigwa picha ndani ya nyumba, kwa sababu hakuna mbwa mwingine aliyewahi kuingia. Wote ninaowapiga wako uani, juani, wakipita nyuma ya bibi harusi. Wale wa macho ya kuwaka niliokuwa nimewaona ni wa hapa sokoni, wa watu wanaofuga mbwa dukani. Na mimi, ambaye nikiwa mchungaji niliwahi kumulika fisi kwa tochi na kuona macho yake yaking'aa, nilikuwa nimekubali kuwapiga mbwa saa ya mchana kama mjinga. Baadaye sana niliambiwa kwamba nyuma ya jicho la mbwa kuna kitu kama kioo, na kwamba gizani mboni hufunguka mwanga ukaingia mpaka ndani ukarudi. Inawezekana. Siku hiyo sikuhitaji kioo. Nilimvuta mbwa wangu mwenyewe ndani ya studio, nikafunga mlango, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikampiga. Akarudi kutoka mjini amewaka macho yote mawili.

Sasa niambie, picha ya mbwa wangu ingesaidia nini? Wangesema ni mbwa wa kaka wa mchawi. Nilitaka mbwa wao, ndani, gizani. Na nani Kivaa angekubali kuingiza mbwa ndani ya nyumba yake mbele ya watu? Na muthoni angemwombaje?

Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, na jibu lilikuwa limeshaagizwa na shemeji mwenyewe. Kisiagi. Nyumba ya mabati, dirisha moja, na hilo limezibwa na vumbi la unga. Mbwa wa kijiji wanaingia mle kulamba pumba na hakuna anayewafukuza, kwa sababu kisiagi si nyumba ya mtu. Na yule mweusi wa kifua cheupe kazi yake ilikuwa kulala mle kutwa nzima, miguuni pa bwana wake.

Nilikwenda mchana wa siku ya kusaga. Wanawake walikuwa kwenye foleni na madebe yao. Shemeji aliposikia nimeleta kamera, alizima mashine, akaenda kuvaa suti. Akarudi akasimama karibu na mashine, mkono mmoja umewekwa juu yake kama ni bega la rafiki. Nikamwomba mtu asukume mlango ufungwe ili mwanga wa nje usiharibu. Hilo halikuwa uongo. Mbwa mweusi alikuwa amelala ameegemea mguu wa shemeji, na wengine wawili walikuwa nyuma kwenye pumba.

Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Mzee, mbwa yuko kwenye picha."

"Mwache," shemeji alisema. "Huyo ndiye mlinzi wa mashine."

Nilichezesha funguo. Mbwa wote watatu wakainua nyuso. Nikabonyeza.

Niliagiza itolewe kubwa, kama alivyotaka. Iliporudi niliifungua ndani, nikiwa nimefunga mlango. Vumbi la unga lilikuwa limeshika mwanga, likatawanyika hewani kama nyota. Mashine imetoka. Suti imetoka. Macho ya mbwa watatu yanawaka kijani ambacho sijakiona tena. Na shemeji mwenyewe, kwa vile kisiagi kilikuwa na giza na kamera ilimwelekea usoni, macho yake yametoka mekundu. Mekundu kama makaa.

Niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Kalamu yangu ya wino ilikuwa mezani. Kama ningeiacha kama ilivyo, Kivaa ingemla. Wangeacha habari za mbwa wote wakamkamata yeye, na angekalishwa mbele ya kithitu chake mwenyewe akitetemeka ndani ya tai yake. Nilitaka hivyo. Sitasema sikutaka. Mkono wangu ulikaa juu ya meza ukikataa kuichukua kalamu.

Kisha nikaichukua, nikamtia nukta, jicho la kulia na la kushoto, kwa uangalifu kama ninavyomfanyia mteja yeyote. Wengine wakisikia watasema ni huruma. Haikuwa huruma. Mimi sitoi picha chafu mkononi mwangu. Na nilitaka ashindwe na mbwa wake.

Mbaazi zilivunwa. Siku ya kiapo watu walijaa boma la shemeji, hata wasio wa ukoo. Mwenye kithitu alikuwa amekaa peke yake chini ya ukingo wa ghala, kifurushi chake kimefunikwa kwa ngozi, na watu wakimzunguka kwa mbali. Dada yangu alikuwa kwenye kigoda, rozari mkononi, mbwa wake amelala nyuma yake. Aliniangalia mara moja tu, nikaelewa. Ninyamaze.

Nilikuwa nimeifunga picha kwa gazeti. Nilikwenda mpaka mbele ya shemeji nikampa kwa mikono miwili.

"Muthoni, picha yako," nikasema. Hayo tu.

Mtu mwingine angeiweka kando mpaka shughuli iishe. Yeye hakuweza. Alichana gazeti, na alivyokuwa na haraka ya kuonekana, aliigeuzia watu kabla yeye mwenyewe hajaitazama. Aliinua juu ili hata wa nyuma waione. Akawa anangoja sifa.

Hakuna aliyesifu. Kina mama wa mbele walirudisha vichwa nyuma. Mmoja alijifunika mdomo kwa leso. Shemeji alitazama nyuso zao, kisha akaigeuza picha polepole akaona.

Mkubwa wa ukoo alinyoosha mkono akaiomba. Akaomba na ile ya dada. Akaziweka zote mbili magotini, akavua kofia, akaziangalia kama mtu anayechagua mbegu. Shemeji akaanza kusema kwamba nimepaka rangi, kwamba mimi ni fundi wa hila. Yule mama wa foleni akasimama na mtoto mgongoni.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Alisema mwache, ndiye mlinzi wa mashine."

Kelele zikaanza chini chini. Unga wa Kivaa yote ulitoka kwenye mashine hiyo. Watoto wao walikunywa uji wake asubuhi hiyo hiyo. Mtu mmoja nyuma aliuliza, kwa sauti ya kutaka kusikika, kama ni kweli wamekula ugali unaolindwa na mashetani mwaka mzima, au ni mbwa tu. Wengine wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichofanya kazi ambayo maneno yangu hayakuruhusiwa kuifanya.

Mkubwa wa ukoo alivaa kofia yake. "Sasa aanze nani kuapa?" aliuliza.

Akauliza tena, akimtazama shemeji peke yake. Shemeji akatazama viatu vyake. Mwenye kithitu akauliza kama kuna chakula.

Ndivyo ilivyoisha. Na kama ingeishia hapo labda leo ningecheka na wajukuu wangu. Lakini sikilizeni. Hakuna aliyemwambia dada yangu pole. Si mmoja. Waliinuka wakakung'uta nguo, wakaongea habari za bei ya mbaazi, na kikao kikafungwa kwa maombi, na aliyeomba, kwa sauti yake nene, ni shemeji. Alimshukuru Mungu kwa umoja wa familia. Nilisimama nimeinamisha kichwa, meno yameumana mpaka taya likauma, kwa sababu mimi ni muthoni. Jumapili iliyofuata wale wale waliomtaka aondoke walimsalimia njiani habari za asubuhi, mama, na mmoja akamwomba jina la ile dawa ya minyoo.

Na siku ya pili baada ya kikao, shemeji alimnyonga mbwa wake kwa kamba nyuma ya kisiagi. Mchana, wateja wakiona. Mbwa aliyemlindia mashine, aliyeegemea mguu wake. Alikuwa ameshaambiwa na mkubwa wa ukoo kwamba ni mambo ya mwanga na macho, akaitikia, kisha akaenda akamnyonga. Watu wakasema amefanya vizuri, amesafisha. Dada alinitumia habari kwa mtu wa basi. Niliposikia nilifunga studio, nikakaa ndani kwenye giza.

Baada ya kitambo shemeji alikuja Ekalakala na ile picha chini ya kwapa. Aliketi kwenye kiti changu akazunguka kidogo, kama watu wote wanavyofanya. Akasema picha ni nzuri, mashine imetoka vizuri, suti imetoka vizuri, ila anaomba nitoe mbwa.

"Mbwa hatoki, muthoni," nikasema.

Akasema nikate kwa makasi, au nipake kitu juu, yeye anajua ninajua.

"Amekuegemea. Nikimkata, anatoka na mguu wako."

Alinitazama akingoja nicheke. Sikucheka. Sauti yangu ilikuwa ya chini, heshima yote ipo mahali pake. Aliinuka akaniachia picha mezani, akaondoka.

Karibu na mlango nilikuwa na ubao wenye kioo wa kuonyesha kazi zangu nzuri. Niliitundika hapo, picha ya kisiagi, karibu na ya dada na viti vyake. Watu wa Kivaa walipokuja sokoni walipita mbele yake kila wiki. Waliangalia, wakaangalia pembeni. Iliendelea kukaa hapo mpaka rangi ikaanza kupauka.

Siku moja dada alisimama mbele ya ubao huo akiwa ametoka kununua dawa ya mbuzi. Mbwa wake alikuwa amelala kivulini mlangoni kwangu, amezeeka, amejaa mvi usoni. Dada aliisogelea picha ya shemeji mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ulimtia nukta," alisema.

"Nilimtia."

"Na huyu hukumtia." Aliweka kidole juu ya mbwa mweusi, juu ya kile kifua cheupe.

Nikamwambia hapana.

Alikiacha kidole pale kwa muda. "Alikuwa anakuja kwangu kunywa maji," alisema. "Jua likiwa kali. Hakuwahi hata kugusa kuku."